Mashine Ilizimwa, Mlio Ukabaki

Juzi jioni mjukuu wangu alirudi kutoka mashineni akiwa na pumba hadi kwenye kope. Hakwenda kuoga kwanza. Alivuta kigoda, akakaa upande wa sikio langu la kulia, ambalo ndilo lenye nafuu, akaniuliza: "Babu, na wewe masikio yalikuwa yanalia ukitoka kazini?"

Nikamwuliza yanaliaje. Akasema ngiii, kama nyenje wa mchana wa kiangazi. Yanalia mpaka anasinzia, asubuhi anakuta yamenyamaza. Ana miaka 19, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu kazini.

Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na umri wake. Mkubwa wangu wa kazi akanipiga begani akaniambia nitazoea. Leo nina miaka 71, na mlio ule hauniachi hata kwa muda wa kumeza mate. Usiku huo nilijigeuza kitandani mpaka majogoo. Kulipokucha nikaona niyaandike haya kwa ajili yake na kwa ajili yenu vijana wote wa Kintinku: wa mashineni, wa bodaboda, wa gereji, na ninyi mnaokesha mbele ya spika za harusi. Mbukwenyi, wajukuu zangu. Kaeni kidogo.

Mnajua nilikotoka. Kwa miaka 27 nilisimamia mashine ya kusaga na kukoboa. Hapa kwetu chini ya mlima wa Saranda, mwaka ambao mvua imekubali na majaruba yamejaa, mpunga ukishavunwa kila mwenye gunia lake anataka kuondoka na mchele siku hiyo hiyo. Tulipiga hendeli kabla ya jua kuchomoza, tukazima watu wameshakula chakula cha usiku. Chumba kilikuwa kimoja, paa la bati, kuta za tofali, mlango mmoja. Sauti ya injini ilipanda ikagonga bati, ikarudi ikagonga ukuta, ikatukuta sisi katikati.

Kwa hiyo hatukusemezana kwa mdomo. Kidole kimoja juu, leta gunia. Kiganja chini, punguza mpunga. Kushika sikio maana yake mkanda unateleza, sikiliza. Tuliionea fahari lugha ile ya mikono, na wateja walipenda kututazama. Leo nikiikumbuka naona ilikuwa ikitupigia kelele ya hatari tusiyoielewa. Watu wazima wenye ndimi zao hawaongei kwa vidole ila pale ambapo sauti imeshapita kipimo cha sikio. Shikeni kipimo hicho, hakihitaji chombo: ukisimama na mwenzako umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukalazimika kupaza sauti ndipo akusikie, hapo mko kwenye desibeli 85 au zaidi.

Siku niliyojua kwamba nimeumia naikumbuka vizuri. Ilikuwa jioni, dizeli ilituishia katikati ya gunia. Injini ikakohoa, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakashusha pumzi kwa pamoja kama watu waliotuliwa mzigo. Mimi nikaendelea kuisikia. Nilizunguka nyuma ya ukuta nikitafuta kinachozunguka bado. Nikaweka kiganja kwenye gurudumu kubwa la injini: lilikuwa la moto, limetulia kabisa. Nikaweka kwenye mkanda: umelegea. Nikatoka nje nikasimama barabarani, na ile ngiii ikatoka nami. Mwenzangu akaniuliza nimepoteza nini. Nilishindwa kumjibu.

Niwaeleze kinachotokea ndani, kwa sababu nilikaa miaka mingi bila mtu wa kunieleza, na kutokujua huko kulinitesa kuliko mlio wenyewe.

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojikunja kama konokono, na humo mna chembe zenye vinywele vidogo mno, kama 15,000 katika kila sikio. Fikirieni jaruba lililojaa mpunga. Upepo ukipita, mashina huinama kisha huinuka. Kuinama huko ndiko kunakoupelekea ubongo habari ya sauti. Upepo ukizidi, mashina hulala, na yakipumzishwa yanaweza kuinuka tena. Ndiyo hali ya mjukuu wangu: jioni yanalia, asubuhi yamenyamaza. Yakija mafuriko usiku baada ya usiku, mashina yanakatika. Na jaruba la sikioni halipandwi mara ya pili. Kuku vinywele vyake huota upya, binadamu havioti. Ulichozaliwa nacho ndicho utakachozeeka nacho.

Sasa ubongo, ukikosa habari kutoka upande wa jaruba lililolala, haukubali kukaa hivi hivi. Unafanya kama mzee anayetafuta kituo cha mbali kwenye redio usiku: anaongeza sauti, anaongeza tena. Kituo hakiji, kinachokuja ni mchakacho wa redio yenyewe. Mlio unaousikia ndio huo. Hakuna nyenje sikioni, hakuna mdudu, hakuna jini. Nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu najua wapo waliopelekwa kufukizwa ubani kwa tatizo hili, na wapo wanaoamini sikio likilia basi kuna mtu anakuteta. Mimi mwenyewe nilimshuku jirani yangu karibu mwaka mzima, nikapunguza salamu. Alikufa sijamwomba radhi. (Lakini mtu anayesikia sauti zinazosema maneno, zinazomwamuru au kumtukana, hilo ni jambo jingine, apelekwe hospitali mapema, wala asifungiwe ndani.)

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2022, ulikadiria kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 7 ameshawahi kuupata, na kwamba watu 2 katika kila 100 unawatesa vikali. Kwenye basi moja la Dodoma kwenda Singida, hesabuni viti.

Sasa hesabu ya kelele, na hii ndiyo niliyotaka kuwapa kabla ya nyingine zote. Desibeli haziongezeki kama magunia, kwamba 88 ni 85 na tatu juu yake. Kila zikiongezeka 3, nguvu inayopiga sikio inakuwa mara mbili, na muda wa usalama unakatika nusu. Kwenye 85 mtu anaweza kufanya kazi saa 8. Kwenye 88, saa 4. Kwenye 91, saa 2. Kwenye 100, dakika 15 tu. Sisi tulikaa chumbani mle saa 12 na zaidi. Tena tulijikinga kwa pamba. Wajukuu zangu, pamba haizuii cha maana. Inakupa moyo wa kukaa pale pale muda mrefu zaidi. Kinachozuia ni vizibo vya sponji. Unavisokota kwa vidole mpaka viwe vyembamba kama njiti, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unashikilia kwa kidole huku ukihesabu mpaka 30 ili vitanuke vikiwa ndani. Mwanzoni utajisikia kama uko chini ya maji. Kaa navyo. Kuna pia vile vya kufunika sikio zima kama bakuli, ambavyo ni rahisi kuvaa ukiwa na mikono ya vumbi.

Na mwenye mashine asikwambie ni juu yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwombeni kwa adabu, mkiwa wawili watatu. Mwombeni pia atenganishe injini na chumba cha kupokelea mpunga kwa ukuta. Kazi ya fundi mmoja wa siku chache. Na mpeane zamu: anayesimama kwenye injini asubuhi, mchana akashone magunia nje.

Kwenye pikipiki sitakaa sana, mnajijua. Mafla imewekwa ili ikae. Anayeitoboa ili pikipiki ingurume, wa kwanza kupigwa na ngurumo hiyo ni yeye aliyeketi juu yake. Kuhusu kelele za kumbi na baa, Tanzania ina kanuni tangu mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira, na jirani aliyekosa usingizi ana haki ya kulalamika. Lakini mimi nawaza zaidi ninyi mnaocheza. Singeli ni muziki wenu na siwanyang'anyi. Nawaambia tu, msisimame mbele ya spika. Mahali pa wazi, ukirudi nyuma mara mbili ya umbali uliokuwapo, sauti inashuka desibeli 6, maana yake umejiongezea muda wa usalama mara nne kwa kupiga hatua chache. Na kila baada ya nusu saa hivi tokeni nje mkapunge upepo.

Hedifoni zinanitia hofu zaidi, kwa sababu mashine yangu mlangoni ilikuwa na kufuli na jioni ilifungwa. Yenu mnalala nayo. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza muziki. Mwaka 2019 shirika hilo, pamoja na lile la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, liliweka kiwango kwa watengenezaji: desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, basi. Simu nyingi sasa zina mahali pa kuweka kikomo, kitafuteni. Ikiwa aliyekaa pembeni yako kwenye Hiace anasikia wimbo ulioko masikioni mwako, hauko peke yako kwenye wimbo huo, na sikio lako limeshalipia nauli ya watu wawili.

Nimefika pale ninapopaogopa. Kuna kijana mmoja wa hapa, wa bodaboda, simtaji. Alianza kusikia mlio kama wa mjukuu wangu. Akagundua kwamba akiongeza muziki, mlio unapotea. Kwa hiyo akaongeza. Baada ya miezi, muziki ule ule haukuufunika tena, akaongeza zaidi. Sasa hivi ukimwita kwa nyuma hageuki. Nilipomweleza aliniambia, "Mzee, nikizima napata wazimu." Nilimwelewa sana. Nilifanya kosa lile lile kwa redio ya mbao niliyokuwa nayo, nikiifungua hadi mwisho kila usiku, mke wangu akahamia chumba cha watoto. Saa ile unapata nafuu. Ukizima, mlio umerudi na nduguze. Sikio lililoumizwa na sauti haliponywi kwa sauti kubwa zaidi, kama vile moto wa nyasi hauzimwi kwa mafuta ya taa. Mlio ukiwapata, hilo ndilo la kwanza kulikataa.

Kosa la pili nililifanya kwa nia njema, na hili hata watu wenye hekima hulifanya. Nilidhani dawa ya kelele ni kimya. Niliacha kwenda kilabuni, nikaacha kanisani kwa sababu ya vinanda, nikaomba wajukuu wasicheze karibu. Mwisho nikahamia shamba, nikalala kwenye dungu la kulindia ndege, mbali na reli na barabara. Nilitaka kimya, na nilikipata. Usiku wa kwanza mlio ulijaa bonde zima toka Kintinku mpaka Bahi. Hapakuwa na kitu kingine ulimwenguni. Nilikaa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, na nawaambia ukweli kwa sababu ni wajukuu zangu, nilifikiria mambo ambayo mtu mwenye familia hapaswi kuyafikiria.

Usiku wa nne mvua ilinyesha mlimani. Haikutufikia sisi, ila maji yalishuka usiku yakaingia majarubani. Alianza chura mmoja. Akajibiwa. Kisha bonde lote likaanza, vile mnavyolijua: wakubwa wenye sauti ya mtungi, wadogo wenye sauti ya njuga, na wale wa katikati wasiochoka. Nililala chali nikisubiri mlio wangu upande juu yao. Ulikuwapo. Niliusikia, lakini ulikuwa umekaa miongoni mwa wenzake, kama mtu mkorofi aliyeingia msibani akakuta umati, akatafuta pa kukaa. Nikaanza kuwafuata vyura, huyu yuko karibu, yule yuko ng'ambo ya mfereji. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limenipiga usoni na kwelea kwelea wamekwisha kula robo ya mtama wangu. Sikuwahi kufurahia hasara namna ile.

Miaka mingi baadaye ndipo daktari wa masikio, pua na koo aliponieleza kwamba wataalamu nao walifika hapo kwa njia yao. Mwaka 1990 mtafiti Pawel Jastreboff alichapisha maelezo kwamba tatizo kubwa si mlio wenyewe, ni namna ubongo unavyoufanya adui wa kukodolewa macho usiku na mchana. Tiba iliyojengwa juu ya fikra hiyo inatumia maongezi marefu na mgonjwa pamoja na sauti nyororo inayowekwa chini ya kiwango cha mlio wake. Sikilizeni vizuri: chini yake, au sawa nao, kamwe si juu. Vyote viwili visikike. Ukiufunika kabisa, ubongo haujifunzi kuishi nao. Ukiupa jirani mpole, pole pole unaacha kuushughulikia, kama sisi wa Kintinku tusivyoamshwa na treni ya usiku ilhali mgeni hulala macho wazi.

Basi niwatajie majirani wangu wapole, maana nimewatafuta kwa miaka.

Mvua juu ya bati ingekuwa ya kwanza, lakini hapa kwetu haikai. Kwa hiyo natumia redio. Naiweka katikati ya vituo viwili, pale panaposema shaaa bila neno, kisha nashusha mpaka mlio na shaaa vilingane, halafu nashusha tena kidogo. Iko kwenye kiti karibu na kitanda. Wajukuu wamenionyesha simu inayotoa sauti ya mvua usiku kucha. Inafaa, mradi iwe mezani na isiwe masikioni.

Maji yanayodondoka yanafaa kwa wengine, kwangu hapana. Kila tone linaniweka nikingoja la pili.

Ungo wa bibi yenu unanifaa kuliko dawa yoyote niliyowahi kumeza. Akipeta mtama asubuhi, chwa, chwa, kisha kile kimya kifupi anapopuliza makapi, kisha chwa. Hajui kwamba ndiyo sababu navuta kiti jikoni saa hizo. Au pengine anajua, maana siku hizi anapeta hata mtama ambao umeshapetwa.

Na kuna ilimba. Hapa nivumilieni, kwa sababu jambo hili naliona ni letu. Sisi Wagogo tunajulikana kwa ala hii ya vyuma vyembamba juu ya kisanduku cha mbao. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliichukua kutoka vijiji vya Dodoma akaifikisha majukwaa ya Ulaya na Asia. Lakini mmewahi kuigeuza mkaitazama? Kuna vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vipo vitikisike wenyewe wenzao wanapopigwa. Na kwenye kisanduku kuna tundu, na juu ya tundu fundi anabandika utando mweupe wa nyumba ya mayai ya buibui. Kazi ya utando huo ni kutetema. Chuma kikilia, utando unaongeza mvumo, zzzz, nyuma ya kila noti.

Nilimtazama mzee mmoja akiubandika. Aliutoa ukutani kwa ncha ya kisu, akaulowesha kidogo kwa mate, akaulaza juu ya tundu, akapuliza mara moja tu. Akapiga chuma kimoja. Hakuridhika, akaung'oa, akatafuta mwingine. Nilimwuliza kwa nini asiache sauti iwe safi. Akasema sauti tupu inamwacha msikilizaji akiwa peke yake.

Nilinunua ilimba yake. Sijui kupiga nyimbo. Usiku ukiwa mgumu naiweka kifuani nikiwa nimelala, nagusa vyuma viwili vitatu, na ule mvumo unapita kwenye mbao, unapita kwenye mbavu, unakutana na mlio wangu ambao umefanana nao kama ndugu. Wazee waliotengeneza ala hii waliuweka mvumo humo kwa makusudi, wakauhesabu kuwa sehemu ya uzuri. Sijasema kwamba mlio wangu ni mzuri. Ila tangu niinunue ilimba ile nimeacha kuulaani.

Kila mtu ana jirani wake, tafuteni wenu. Kama usikivu nao umepungua, vifaa vya kusaidia kusikia vinatuliza mlio kwa wengi, kwa sababu vinarudisha zile sauti ndogo ulizozipoteza, na ubongo unapata kazi nyingine. Na maongezi na mtaalamu wa saikolojia anayejua kazi yake, yanayokufundisha kubadili unavyoupokea mlio, ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko vidonge. Kidonge cha kuukomesha hakijapatikana. Anayewauzia matone ya kuponya mlio stendi ya Manyoni anawauzia maji.

Dawa nyingine zenyewe ndizo zinazoleta mlio, na hili lazima mlijue. Rika langu tuliponywa malaria kwa kwinini, na nani asiyekumbuka masikio kuvuma siku za dozi? Kwa wengi huisha dawa ikiisha. Aspirini nyingi hufanya hivyo pia. Lakini ziko sindano, kama jentamaisini na streptomaisini, ambazo zinaweza kuvunja jaruba lote lisiinuke tena. Nina rafiki aliyepona kifua kikuu kwa sindano miaka ile, akabaki na uhai na ukimya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri sindano nyingine ya aina hiyo, kanamaisini, iachwe katika kutibu kifua kikuu sugu, vidonge vichukue nafasi. Kwa hiyo msijichomee jentamaisini ya dukani kwa sababu ya mafua. Na kama uko kwenye dozi uliyopewa hospitali, masikio yakaanza kulia, usiache dawa kimya kimya. Rudi siku hiyo hiyo ukamwambie aliyekuandikia.

Mrudi pia haraka mkiona haya: mlio wa sikio moja tu, mlio unaokwenda na mapigo ya moyo, kizunguzungu, usaha. Na usikivu ukikatika ghafla, leo unasikia kesho husikii, hiyo ni dharura ya siku hiyo. Ukichelewa wiki kadhaa, mara nyingi dawa haina la kufanya. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, na nesi anaitoa kwa dakika chache. Ila msiitoe wenyewe kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku wala mafuta ya moto. Nimeona ngoma ya sikio ikitobolewa kwa unyoya.

Na yule atakayefika pale nilipofika mimi kwenye dungu, asikae nalo peke yake hadi asubuhi. Aje anigongee. Mlango wangu mnaujua, na silali mapema.

Jana nilikwenda mashineni mwenyewe. Mwenye mashine alinisikiliza, akaniahidi ukuta mpunga wa mwaka huu ukiisha. Vizibo sikumsubiri, nilikuwa nimeviagiza Dodoma, jozi sita, nikafunga kila jozi kwa uzi ili kijana avivae shingoni visipotelee kwenye pumba. Mjukuu wangu aliviingiza mbele yangu, akakosea mara mbili, ya tatu akashtuka, akanitazama akasema kitu ambacho sikukisikia. Tukacheka wote wawili, kwa mikono.

Usiku alikuja kukaa nami barazani. Treni ilipiga honi stesheni, ikavuta mabehewa yake kuelekea Makutupora na mlimani, ikapungua, ikapungua, ikapotea. Nikamwuliza, sasa unasikia nini? Alitega sikio kwa muda mrefu. Akasema anasikia mbwa wa ng'ambo, na upepo kwenye bati, na baada ya hapo basi.

"Na wewe, babu?"

Nikamwambia awashe redio, aiweke pale katikati ya vituo, asiifungue sana.